Nakala Saba za Mama Kipruto

Kati ya Sotik na Chepilat hakukuwa na mwanamke mwenye mwandiko mzuri kama Rodah, mama yake Kipruto. Kina mama wa kanisa walimfanya katibu wao kwa sababu hiyo. Na zile barua za maombi za mnyororo, nakili mara saba uwape watu saba, ole wake atakayeukata, zote ziliishia mezani kwake. Alinakili. Nani alitaka kujaribu laana?

Basi mwaka wa uchaguzi, tisini na mbili, wenye chuki wakaidandia njia hiyo hiyo. Karatasi ilimfikia kwenye kituo cha kupimia majani chai, imekunjwa ndani ya kikapu chake: wageni wa makabila mengine wahame kabla ya Krismasi, la sivyo watachomewa nyumba. Haikuwa na jina wala sahihi. Chini yake, maneno ya siku zote: nakili mara saba, atakayeukata mnyororo atazika mtoto. Kipruto alikuwa anakohoa wiki ya pili. Rodah akaketi, akanakili zote saba, akazigawa kanisani, akijiambia kwamba yeye anaandika tu, hasemi. Upumbavu mtupu! Hata herufi kubwa alizipamba kama za kadi ya ubatizo.

Siku ya nne Wilkista, mama yake Dolphine, akapiga hodi. Huyu alikuwa fundi wa nguo kutoka upande wa ziwa, jirani yake kwa miaka kumi na miwili. Kusoma hakujua; barua zake zote alisomewa na Rodah.

"Mama Kipruto, hii nimepata chini ya mlango. Hebu nisomee. Naona watu wananiangalia vibaya huko soko."

Rodah aliutambua mwandiko wake kabla hajaishika karatasi. Angeweza kudanganya, aseme ni tangazo la harambee. Lakini waliotishiwa kuchomwa walikuwa Wilkista na watoto wake wanne. Akasoma yote.

"Nani ameandika hii kitu?" Wilkista akauliza.

"Ni mimi. Lakini nilinakili tu, Mama Dolphine. Nilipewa."

"Na huyo alikupa?"

"Pia yeye alipewa."

"Kwa hivyo hakuna mtu ameandika." Wilkista akacheka kicheko kibaya. "Sawa. Moto ikikuja, nayo pia hakuna mtu atawasha."

Alihama kesho yake, cherehani juu ya mkokoteni, watoto nyuma. Rodah alienda kwa hasira kwenye kituo cha majani chai, akasimama chini ya mizani mbele ya wakulima wote, karani akaacha kupima.

"Nani aliniwekea hiyo karatasi? Si aseme! Mnaogopa nini?"

Watu wote wakaangalia vikapu vyao. Ni Phelis peke yake, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, aliyeinua uso, na alikuwa amekasirika kama mtu aliyesingiziwa.

"Usitupigie kelele, Mama Kipruto," akasema. "Mimi yangu nilipewa na wewe."