Foklifti Iliyoshindwa Kungoja Chai

Leo chai imemwokoa Baba asinunue foklifti mbovu ya kuinulia mizigo!

Tulikuwa Nakuru. Injini ilinguruma vizuri, Baba akatoa kalamu atie sahihi.

Guka, babu yangu, akasema, "Inueni magunia ya viazi yakae juu. Sisi tunywe chai."

Muuzaji akacheka. "Mzee, umekuja kununua mashine ama kukaa hoteli?"

Tulipomaliza vikombe, magunia yalikuwa yameshuka yenyewe hadi usawa wa magoti.

Baba akarudisha kalamu mfukoni.

Guka hakucheka. Aliipapasa ile mashine kama ng'ombe mzee. "Ile yetu ya stesheni ya reli, miaka ya hamsini, ilikuwa inashuka hivi hivi tukinywa chai. Tuliiita Mvivu. Nilikuwa dereva wake."

Dereva? Guka?

Miaka kumi na sita naishi naye, sikuwahi kumuuliza alifanya kazi gani ujanani.

Wewe umemuuliza wako?