Mama Aliyeonja Chumvi ya Mtoni

Ukiniita muongo, sawa, lakini Rehema yupo hai, kamuulize. Hili lilinikuta mie mwenyewe, kule ufukwe wa Mtoni, jua likizama.

Kazi yetu ni kupima chumvi ya maji ya bahari. Mashine inaangalia maji yanavyopitisha umeme, inalinganisha na maji ya bahari ambayo chumvi yake inajulikana, halafu programu kwenye kompyuta inakokotoa kiwango cha chumvi, yaani kama gramu ngapi kwenye kilo moja ya maji. Siku hiyo tulikuwa na chupa tano za maji tuliyochota sehemu mbalimbali. Rehema, mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapohapo, alikuwa anafunga vifaa.

Akaja mama mmoja, kanga imenyooka, miguu mikavu, wakati sie tope limetufika magotini. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Akauliza, "Mnatafuta nini humo?"

"Chumvi, mama. Tunaangalia ni kiasi gani."

Akachovya kidole kwenye chupa ya kwanza, akalamba. "Thelathini na mbili kasoro kidogo."

Nikacheka, nikapima. Programu ikaandika thelathini na moja nukta tisa. Ya pili akasema ishirini na nane, ikawa ishirini na nane. Zote tano alipatia kabla sijabonyeza kitu! Niambie, wewe ungefanya nini? Mie nilifurahi kama mjinga.

"Sasa lete mkono," akasema, "nikupime na wewe."

"Usimpe!" Rehema akapiga kelele.

Nikaona Rehema anatania. Nikanyoosha. Niamini, ulimi ule ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Alilamba kiganja mara moja tu, akafumba macho kama mtu aliyeshiba.

Nilipoinama kujifuta, hayupo. Tulitafuta nyayo kwenye tope. Zilikuwa zetu wawili tu.

Nyumbani mke wangu alikuwa amepika mchuzi. Nikamwambia, "Leo umesahau chumvi." Akaonja, akasema imo ya kutosha. Nikaongeza kijiko, nikaongeza kingine, wanangu wakatema. Mie sikusikia chumvi hata kidogo. Hospitali wamenipima, wanasema ni mzima. Huu mwaka wa tatu.

Rehema hajarudi tena kule. Aliomba abaki ofisini. Mie bado napima, maana programu haihitaji ulimi wangu. Lakini siku namzika baba, machozi yalinishuka hadi mdomoni, na yalikuwa kama maji ya mvua.

Mtu usiyemjua akitaka kiganja chako huko ufukweni, usicheke naye. Acha chupa, acha kompyuta, ondoka.