Televisheni Iliyogeukia Uani

Enzi zetu kule Likasi, televisheni haikutazama ndani ya nyumba. Jioni ikikaribia saa ya habari, baba aliibeba kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaiweka juu ya meza kando ya dirisha la saluni, yaani sebule yetu, kisogo kwetu sisi wenye nyumba, uso kwa watu wa uani. Ninyi mliokulia kambi za wafanyakazi wa mgodi mnanielewa. Nyumba zilikuwa nyingi na zote sura moja, lakini televisheni ilikuwa kwetu tu, na aliyekuwa nayo alijua si yake peke yake. Angeifungia ndani, kesho yake nani angemwitikia salamu?

Uani mama alitandika mkeka wake wa harusi. Juu ya ngazi aliweka beseni la maji, na hakuna mtoto aliyepita pale bila kunawa miguu, maana udongo wetu mwekundu ukishika kitu cheupe, mwenye kitu akiage. Mama alisimama mlangoni na kitambaa begani, akipaza sauti: "Mwenye hakunawa miguu ataangalia ukuta!" Wala haukuwa utani. Niliwahi kumwona mtoto wa jirani ametazamishwa ukuta mpaka mwisho wa habari, huku akigeuza shingo kidogo kidogo kama kuku. Kufikia wakati huo maji ya beseni yalikuwa mekundu kama mawese.

Nakumbuka kalanga zilizokaangwa kwa mchanga, na kikombe kimoja cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kilichozunguka vinywa vyote bila mtu kuuliza habari za vijidudu. Nakumbuka moshi wa makala, ndiyo mkaa, kwenye jiko la babula, ugali wetu wa bukari ukisubiri, na king'ora cha kiwandani kikiwaita baba zetu wa zamu. Sisi wasichana tulicheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, mpaka vumbi likatupanda magotini, ndipo tukakimbilia beseni. Hatukuelewa nusu ya yaliyosemwa kwenye habari, lakini tulicheka pale wakubwa walipocheka.

Na mvua ikianza kunguruma milimani, mama alikuwa wa kwanza kusimama. Alifunika kioo cha televisheni kwa kitenge, akachomoa waya ukutani, akatukataza hata kucheka kwa sauti. "Radi inapenda kintu ya kung'aa," alisema. Nani angebishana naye?

Kweli, kuishi kwingi ni kuona mengi. Siku hizi mimi naishi Lubumbashi, na mama amebaki Likasi katika nyumba ileile, peke yake tangu baba atutoke. Goti linamkatalia kanisa. Tulikuwa tumemwekea dishi lenye telekomande iliyojaa vitufe kama punje kwenye gunzi la muhindi. Siku moja akabonyeza kimoja, picha ikapotea, naye akaifunika televisheni kwa kitambaa chake cha kufuma. Nilipokwenda kumsalimia nikaikuta bado imefunikwa.

"Mama, mbona hauangalie tena?"

"Iko bien, mwana. Macho inapumzika."

Hiyo "iko bien" ya mama, yaani hakuna neno, inanitisha kuliko radi. Tulipolala njaa ilikuwa iko bien. Baba alipokuwa kitandani hospitalini, amebaki mifupa, tulipouliza tuliambiwa iko bien. Kwa hiyo sikuhofia picha iliyopotea. Nilihofia kwamba mama amekaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaambiwa na kitu chenye vitufe kuwa yeye ni mjinga, naye akakubali.

Ndipo nikaanza kutafuta kile kisanduku kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni, kinacholeta picha kutoka mtandaoni. Nadège, binti yangu, alitoa sikio moja kwenye nyaya zake akaniuliza, "Maman, si umununulie tu téléphone?" Kisha akarudisha waya. Ndivyo walivyo watoto wetu. Saluni moja, watu wanne, vioo vinne. Mmoja akicheka, wengine hawajui kimemchekesha nini.

Dukani muuzaji alinionyesha kisanduku chenye filamu, michezo, hata cha kuongea nacho.

"Maman, hii inafanya byote!"

"Byote njo sitaki. Nataka ile ya kufanya kintu kimoya. Sasa, nikichomoa ku courant, nikirudisha, itarudia fasi ilikuwa?"

"Juu ya nini utachomoa?"

"Juu ya radi."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Maskini, hakulelewa na mama yangu. Nilimfanya achomoe na kuchomeka kisanduku baada ya kisanduku mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika. Kimoja kilidai neno la siri kila kilipoamka. Kingine kilileta matangazo ya sabuni kabla ya jambo lolote. Cha tatu kilinyamaza kidogo, kikarudi palepale kilipoachwa, kwenye kwaya iliyokuwa ikiimba, na telekomande yake ilikuwa na vitufe vichache tu. Hicho ndicho nilichobeba. Hata hivyo njiani nilikuwa na wasiwasi. Je, mama akikiogopa? Je, akikigusa mara moja kikamkataa, nacho akakifunika?

Nilikwenda Likasi, nikakifunga mwenyewe, nikapaka rangi ya kucha kwenye kitufe kimoja. "Mama, finya hapa kwenye kunaonekana nyekundu. Zingine uache." Akafinya. Kwaya ikajaa saluni. Mama akafanya ishara ya msalaba, akaniangalia, na mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani ili asinione machozi.

Lakini niliporudi Lubumbashi wasiwasi ukarudi nami. Kila jioni nilimpigia simu.

"Mama, kile kintu kinatumika?"

"Iko bien."

"Unaangalia misa?"

"Iko bien, mwana. Batoto beko aje?"

Ningejuaje? Mvua zilianza. Nikisikia kwamba Likasi kumenyesha, niliona kitenge juu ya kioo, waya umechomolewa, na mama amekaa akitazama kitambaa cha kufuma. Roho ikabaki juu. Jumamosi moja nikashindwa kuvumilia, nikapanda gari bila kumwambia mtu. Njiani, pale Kapolowe, wauza samaki waligonga dirisha, nami sikuwa na hamu hata ya kuuliza bei.

Kabla sijafika nyumbani nikasikia kwaya. Nikasimama barabarani, nikashukuru kwa sauti. Kumbe mama ameweza! Nikaongeza mwendo, nikapinda kona ya nyumba, nikaona.

Televisheni ilikuwa juu ya meza kando ya dirisha, kisogo ndani, uso uani. Sijui aliisukumaje na goti lile. Chini yake alikuwa ametandika mkeka, na nyuma ya mkeka viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, na benchi la zamani la baba limefutwa vumbi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Hakuwa anaitazama kwaya. Alikuwa anatazama njia.

Kisanduku kilifanya kazi vizuri kabisa. Watu ndio hawakuja.

"Mama, bantu beko wapi?"

"Batakuya," akasema. "Kila mutu iko na ya kwake mu mukono sasa. Lakini batakuya tu. Iko bien."

Nilikuwa nimeuliza yote pale dukani: umeme, vitufe, neno la siri, radi. Hili sikuliuliza, na hata ningeliuliza, muuzaji angenijibu nini? Enzi zetu picha ilikuwa moja, mara nyingi ina mikwaruzo, na ua haukutosha watu. Leo picha ni safi hata unaweza kuhesabu meno ya mwimbaji, na viti vya mama vimebaki vitupu. Iliniuma, sifichi.

Nikaweka mkoba chini, nikavua viatu ili nikakae mkekani.

"Eh!" Sauti ikatoka ileile, ya mlangoni, ya kitambaa begani. "Ulinawa miguu?"

Nikageuka. Beseni lilikuwa pale juu ya ngazi, mahali pake. Maji yalikuwa yamejaa, meupe mpaka nikaona kitako cha beseni. Nikatumbukiza miguu yangu ya mama mtu mzima, nikaisugua polepole, na vumbi la safari likaanza kuyatia rangi.