Minazi ya Zaina

Mwinyijuma hakuwa na siku ya kupita bila kulia dhuluma. Akipewa nyama yenye mfupa karamuni, amedhulumiwa. Jua likimfuata barazani alikokaa, dhuluma. Hata paka alipomnyakulia samaki wake, mtaa mzima ulisikia kuwa amedhulumiwa. Huyo ndiye shemeji aliyemwangukia Zaina, msuka mikeka wa Bagamoyo, zama zile bendera ya Sultani wa Unguja ingali ikipepea mjini.

Zaina mwenyewe neno hilo hakulitamka. Mama yake alimfunza kuwa dhuluma ni kula haki ya mwenzio huku unajua, na anayeitaja anakushitaki kwa Mungu. Si neno la kulilia mifupa.

Kiwanja kilikuwa cha mumewe, marehemu Mrisho, lakini minazi aliipanda Zaina, akainywesha kwa mtungi wa kichwani. Na pwani mti ni wa aliyeupanda. Alipotoka edani akamkuta Mwinyijuma ameleta mkwezi, madafu yametapakaa chini.

Wazee wakaitwa palepale.

"Minazi hii niliipanda mimi na marehemu ndugu yangu," akalia Mwinyijuma. "Mwanamke huyu ananidhulumu!"

Mzee Kitwana, mkubwa wa mtaa, akamtazama. "Basi tuonyeshe mnazi uliopandwa juu ya kitovu cha Ashatu, binti wa marehemu, siku alizozaliwa. Huo ni wa mtoto, tuutenge kwanza."

Macho ya Mwinyijuma yakairuka minazi yote yenye kuzaa. Uroho haukumwacha hata afikiri. Akanyoosha kidole kwenye kinazi kando ya ua, kilichojiotea masika yaliyopita, hakijamfika mtu kiunoni.

"Ule pale."

Ashatu alikuwa kasimama karibu nacho, mwali wa kuposwa. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwanamume mzima na ndevu zake!

Kitwana akafuta machozi ya kicheko, akanong'onezana na wenziwe, kisha akakohoa.

"Bi Zaina, huyu ni shemeji yako. Gawaneni nusu kwa nusu, undugu usivunjike."

Zaina aliwatazama mmoja mmoja, akaona kinyaa.

"Mmejua kuwa ni mwongo, mkamcheka, kisha mkampa. Sijapata kulitaja neno hili maishani mwangu. Leo nalitaja. Mmenidhulumu, nyote, na Mungu anasikia."

Kitwana akainama kutafuta viatu vyake. Mwinyijuma hakusikia kitu, alikuwa ameshamwita mkwezi.