Barua ya Onyo Sebuleni kwa Kaka

Mawifi hatuna kawaida ya kusifiana, kwa hiyo haya nayasema kwa kulazimika. Mke wa kaka yangu ni muuguzi wa wodi ya wanawake, na mimi ni mhudumu wa usafi kwenye wodi hiyo hiyo. Yeye anashughulika na walio juu ya kitanda, mimi na yaliyo chini yake. Nyumbani tunagombania rimoti.

Ana tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Akiingia zamu haanzi na dawa wala vipimo. Anachukua beseni la maji ya uvuguvugu, anavuta kistuli, anamnawisha mgonjwa mikono, kidole kwa kidole, huku akipiga soga. Maji yanadondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki sasa hivi. Nikinung'unika ananijibu, "Wifi, mdomo wa mgonjwa una adabu mno. Utasema 'sijambo' hata roho ikiwa kooni. Mikono haina adabu hiyo."

Kisha vikaja vishikwambi. Kila zamu muuguzi ajaze joto, presha, na maumivu kuanzia sifuri hadi kumi. Chini kabisa palikuwa na kitufe kimeandikwa "Rudia ya jana". Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na hawa jamaa wakalitengenezea kitufe! Wagonjwa thelathini na wawili, wauguzi wawili, nani asingekibonyeza? Beseni likaenda stoo. Sakafu yangu ikawa kavu nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Kitanda cha tisa akalazwa mwalimu mstaafu. Kiharusi kilimwangusha bafuni kwake kikamnyang'anya maneno yote na nguvu za upande wa kulia. Muuguzi wa kwanza alimuuliza kama anaumwa, hakujibiwa, akaandika sifuri. Waliofuata wakarudia ya jana. Wifi yangu naye alirudia, zamu mbili. Siku ya sita daktari akaziona sifuri zote zile, akaandika kwamba kesho yake Mwalimu aruhusiwe, akafanye mazoezi ya kutembea nyumbani.

Asubuhi ya kuruhusiwa wifi akalitoa beseni stoo. "Mwalimu haendi kwa mwanawe na kucha chafu," akasema. Akaukunjua mkono wa kushoto, ulio mzima, uliokuwa umefumbwa ngumi. Katikati ya kiganja palikuwa na alama nne za kucha, mbili zimechubuka hadi damu. Soga ikakatika.

"Mwalimu, nibane mkono mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Unaumia?"

Mara moja.

"Kichwa?" Mara mbili. "Mgongo?" Mara mbili. Akashuka hivyo hivyo, kiungo kwa kiungo, mpaka nyonga ya kulia. Hapo Mwalimu alimbana mara moja, akang'ang'ania.

"Tangu ulipoanguka?"

Akabana tena, machozi yakimtoka. Nami nilisimama na dekio langu mkononi kama mlingoti.

Matroni akaitwa. Ni mama mwema, ila wodi yake anaitaka isiwe na doa hata kwenye karatasi. Alimvuta wifi pembeni, karibu na ndoo yangu.

"Andika nane, maumivu yameanza leo," akanong'ona. "Atapigwa picha, yaishe. Unajichongea ya nini?"

"Matroni, nikiandika leo, daktari atatafuta cha leo. Atampa dawa ya kutuliza na kumwambia atembee. Huyu ameumia tangu alipoanguka." "Halafu hana mdomo, mama. Mimi tena nimwibie na maumivu yake?"

Kishikwambi kilikataa kufungua siku zilizopita. Basi akaandika kwenye nafasi ya maelezo, na jina lake kamili: "Sifuri mbili zenye jina langu si za kweli. Sikumuuliza mgonjwa, nilibonyeza tu. Anaumwa nyonga tangu alipoanguka." Kisha akaenda kumwambia binti wa Mwalimu, aliyekuwa ukumbini na mabegi yamekwishafungwa. Yule binti alimfokea mpaka wagonjwa wakainua vichwa. Wifi hakujitetea, alisema, "Nimekosa, dada, nisamehe," akangoja amalize. Wifi si damu yangu, lakini damu ilinichemka. Nilitamani kuingilia kati na fagio.

Picha ilionyesha nyonga ina ufa. Daktari alisema angeukanyaga mguu ule nyumbani, ungevunjika kabisa. Mwalimu akafanyiwa upasuaji. Siku hizi wifi anampa kishikwambi abonyeze namba mwenyewe, na Mwalimu anabonyeza kwa ukali wa mtu anayesahihisha madaftari. Juzi alibonyeza mbili.

Wifi alipewa barua ya onyo. Alitaka kuichana. Kaka akamnyang'anya, akaitia fremu, akaitundika sebuleni katikati ya picha ya harusi na cheti cha uuguzi. Mgeni akiuliza, kaka anaisoma kwa sauti, na akifika kwenye "ulikiri mwenyewe" anarudia. Mimi hujifanya natazama runinga. Najivunia wifi yangu, basi, nimesema.

Lakini kuna jambo kaka halijui. Ngumi ile niliiona tangu siku ya pili, nikipiga deki chini ya kitanda cha tisa. Nikajisemea, mimi ni wa ndoo, hayo yana wenyewe. Jioni moja, tukigombania rimoti, likanitoka.

Wifi akanigeukia. "Kwa hiyo na wewe unataka fremu?" akasema, akaniachia rimoti.

Kesho yake nilipofika wodini nilikuta beseni lake liko tayari, na kando yake vistuli viwili. Nikaegesha dekio ukutani, nikanawa mikono, nikakaa.