Kikohozi cha Kamyo

Juzi, pale mtaani Ndosho, nilisikia kikohozi kabla sijaona chochote. Kisha kamyo kuukuu, lori la mizigo, ikatokea ndani ya moshi wake mweusi, na watu wakaziba pua. Mimi nilivuta pumzi. Ilikuwa harufu ya baba.

Baba alikuwa dereva. Kamyo yake ililala mbele ya nyumba yetu, na kila alipoiwasha jirani alipiga kelele: "Papa Dereva, utatuua na moshi!"

Alasiri moja, alipokuwa akijiandaa kurudi safarini, njia ya Sake, kamyo ilikohoa, ikazimika, ikakohoa tena. Leo najua pampu ya mafuta ilikuwa imechoka. Siku ile nilifurahi, maana nyumbani kwetu mtoto aliyekohoa hakupelekwa shule.

"Papa, kamyo iko mugonjwa. Ubakie nayo."

Alicheka, mikono imejaa grisi. "Iko na njaa ya mafuta, ya mazutu tu, mama yangu." Ndivyo alivyoniita mimi, binti yake.

Basi nikaanza kukohoa mimi. Nilisimama karibu na bomba la moshi nikakohoa hadi machozi yakanitoka. Baba akaacha kucheka. Alizima injini, akanishika kifua, na kwa muda barabara yote ikanyamaza. Kuku tu ndio waliosikika. Nilidhani nimeshinda.

"Ingiza mutoto ndani," alimwambia mama. "Moshi hii inamumaliza. Acha niondoke mbio."

Mama alinibeba. Injini ilipowaka, alifunga mlango haraka, moshi usinifikie, na sikumwona baba akiondoka safari yake ya mwisho.