Sauti ya Nyanya Upande wa Kushoto

Mama alitaka kusikia maneno ya mkwewe tu, yaani Nyanya, mamake Baba. Siku tuliyomzika Baba, kule nyumbani karibu na Bondo, Nyanya alisimama kando ya jeneza akamtaja Mama, lakini Mama alikuwa amezimia, shangazi zangu wakimpepea. Baadaye walimwambia kwamba alisifiwa. Hakuamini. Nyanya hakuwahi kumsema vizuri, na sasa yeye pia ametangulia. Iliyobaki ni DVD ya mazishi.

Nilinunua waya za deki ya DVD sokoni Kibuye, zile za vichwa vitatu: manjano, nyeupe na nyekundu. Mimi nina hasira za karibu, tena sina subira ya kusoma maagizo. Nikachomeka nyuma ya runinga nilivyoona inafaa. Sauti ikatoka, picha ikakataa. Nikabadilisha, sasa watu wakawa wanalia bila sauti.

"Nyathina, mwanangu, chomeka pole pole," Mama akasema.

Nikamfokea kwamba najua ninachofanya. Uongo mtupu. Ilibidi nipige magoti nisome rangi za mashimo kama mtoto wa chekechea: manjano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia.

Hatimaye Nyanya akaonekana ameshika maikrofoni. Alipofungua mdomo tu, kwaya ikamfunika. Mpiga video, kwa kutaka kupamba kazi yake, alikuwa amemwaga nyimbo juu ya hotuba zote! Mama alijifuta macho kwa leso. Niliumia sana kumwona hivyo. Nikapandwa na mori, nikang'oa waya ya kwanza iliyonijia mkononi, ile nyekundu.

Kwaya ikanyamaza. Nyanya akaendelea kuongea. Kumbe nyimbo zilikuwa upande wa kulia, maikrofoni upande wa kushoto, na mpaka leo sijui kama yule bwana alikusudia.

Nilirudisha nyuma tukamsikiliza tangu mwanzo. Kwa Kijaluo chake kizito, Nyanya alisema, "Huyu mke wa kijana wangu nimemsumbua miaka yote, na hajawahi kunirudishia neno. Amemuuguza mtoto wangu kuliko vile mimi ningeweza. Mtu asimguse hapa nyumbani."

Mama alivuta kiti hadi magoti yakagusa meza ya runinga. Akamtazama mkwewe machoni.

"Sasa, Mama," akamwambia, "si ungeniambia tukiwa jikoni?"